Chumvi, mchanga na maji: kutunza kiwanja cha motokari baada ya baridi



Wakongo wengi wanakaa leo katika nchi za baridi, na Canada ni moja ya nchi hizo. Jamaa wa huko wakisema kwamba mwezi wa nne ni mwezi wa kufagia mchanga wa baridi, sisi wa huku tunashangaa. Mchanga gani? Baridi inaleta mchanga? Na kufagia kiwanja cha motokari mbele ya magazini, hiyo nayo ni kazi ya kuandikia ukurasa wa usalama?

Ndiyo, ni kazi ya kuandikia. Kiwanja kisichotunzwa baada ya baridi kinaangusha watu, kinatoa vumbi la kuharibu mapafu, na katika mji mmoja wa wachimba migodi kiliua. Tutaeleza kazi hiyo kwa mfano wa jimbo la Ontario, kwa sababu jimbo hilo lina historia ya migodi kama yetu. Huko Sudbury madini ya nikeli na shaba yalionekana mwaka 1883, wakati wa kujenga njia ya reli. Elliot Lake ulikuwa mji wa urani mpaka migodi yake ya mwisho ilipofungwa mwaka 1996. Na huko Goderich watu wanachimba chumvi. Mtaona kwamba miji hiyo mitatu inakutana katika habari yetu.

BARIDI INALETA NINI?

Sudbury, majira ya baridi yanaanza karibu na mwezi wa kumi na moja na kwisha mwezi wa nne. Maji yanaganda kuwa barafu, kama ile ya ndani ya frigo. Mvua haianguki tena kama maji. Inaanguka kama theluji, nyeupe na nyepesi kama pamba. Kwa mwaka mmoja inaanguka zaidi ya mita 2. Trakta zenye bamba la chuma mbele zinaisukuma theluji hiyo pembeni ya kiwanja, na inakaa pale kama kilima mpaka joto lirudi.

Theluji iliyokanyagwa inateleza kuliko sabuni. Kwa hiyo watu wanatumia vitu viwili. Cha kwanza ni chumvi. Maji matupu yanaganda kwenye digrii 0, lakini maji ya chumvi yanahitaji baridi kali zaidi ili yagande. Ukitupa chumvi juu ya barafu, barafu inayeyuka. Lakini baridi ikipita digrii 10 chini ya 0, chumvi inafanya kazi polepole sana. Hapo wanatumia kitu cha pili, ndio mchanga. Mchanga hauyeyushi chochote. Kazi yake ni kusaidia viatu na mipira ya motokari kushika chini.

Canada nzima inatumia karibu tani milioni 5 za chumvi ya njia kwa mwaka. Sehemu yake inatoka Goderich, katika mgodi mkubwa wa chumvi uliofunguliwa mwaka 1959. Wachimba wa huko wanafanya kazi zaidi ya mita 500 chini ya ardhi, na juu yao liko ziwa Huron. Chumvi inayotupwa mbele ya magazini imetoka, basi, katika mikono ya mchimba mgodi.

Joto likirudi, theluji inakwenda zake. Mchanga hauendi. Chumvi nayo inabaki, nyingine juu ya lami, nyingine imeingia ndani ya nyufa. Ndiyo sababu kazi ya mwezi wa nne ni kubwa.

BARAFU INAVUNJA LAMI NAMNA GANI?

Jaza chupa maji, ifunge, iweke ndani ya frigo pahali pa kugandisha. Kesho utaikuta imepasuka. Juu ya nini? Kwa sababu maji yakiganda yanapanuka karibu sehemu 9 kwa 100. Chupa haina nafasi ya kuyapokea, basi inapasuka.

Lami ya kiwanja inapasuka kwa njia hiyo hiyo. Maji yanaingia ndani ya ufa mdogo mpaka kwenye kokoto za chini. Usiku yanaganda na kusukuma. Mchana yanayeyuka na kuacha nafasi tupu. Maji mengine yanaingia katika nafasi hiyo, usiku yanaganda tena. Baada ya majuma kadhaa ya kuganda na kuyeyuka, lami iko kama kifuniko juu ya shimo. Lori moja likipita, kifuniko kinavunjika.

Jambo la pili halionekani kwa macho. Joto linapoanza, ardhi inayeyuka kwanza upande wa juu. Chini bado ni barafu. Maji ya juu hayana njia ya kushuka, na udongo unakuwa matope chini ya lami. Kwa miezi hiyo njia haina nguvu, hata ikionekana nzuri. Kwa hiyo sheria ya Ontario inazuia malori mazito katika njia fulani miezi ya tatu na ya nne: kila ekseli isibebe zaidi ya kilo 5000. Msimamizi wa kiwanja mwenye akili anafuata fikira hiyo hiyo. Haruhusu lori la mizigo kupita mahali palipo laini.

VUMBI, ADUI TUNAYEMJUA

Mchanga uliotupwa tangu mwezi wa kumi na mbili umesagwa na maelfu ya magurudumu. Umekuwa unga. Mchanga mwingi una silika, na unga wa silika ni vumbi lile lile linaloogopwa na mtu wa kutoboa mwamba. Chembe mbaya kabisa hazionekani. Zinapita puani, zinapita kooni, zinafika mwisho wa mapafu na kukaa pale. Mapafu yanapata makovu na kuwa magumu. Huo ndio ugonjwa wa silikozi. Hakuna dawa ya kuyarudisha mapafu kama yalivyokuwa, na mwenye silikozi anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mtu mwingine. Tangu mwaka 1997 wataalamu wa kimataifa wa kansa wameandika vumbi la silika katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa kwa mtu.

Kiasi gani kinatosha kuumiza? Marekani, kwa sheria ya mwaka 2016, mfanyakazi asivute hewa yenye zaidi ya miligramu 0.05 za silika katika mita moja ya ujazo, kwa kazi ya saa 8. Chembe moja ya chumvi ya mezani ina uzito unaokaribia huo. Hewa ya namna hiyo inaweza kuonekana safi kabisa.

Watu wa Ontario walijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1974 wachimba urani wa Elliot Lake waliacha kazi kwa sababu ya silikozi na kansa ya mapafu. Serikali ya jimbo iliweka tume chini ya profesa James Ham, na tume ikatoa ripoti yake mwaka 1976. Kutoka hapo ilikuja sheria ya usalama kazini iliyoanza kufanya kazi mwaka 1979. Kwa sheria hiyo mfanyakazi ana haki ya kujua hatari ya kazi yake, haki ya kushiriki katika kamati ya usalama, na haki ya kukataa kazi ambayo ana sababu ya kuamini kwamba itamwumiza. Haki hizo zilizaliwa mgodini, lakini leo ni za mfagiaji wa kiwanja pia. Akipewa ufagio mkavu na rundo la unga wa mchanga, anaweza kuuliza: maji yako wapi?

Maji ndiyo dawa. Mama wa kwetu anayajua hayo tangu zamani: mbele ya kufagia lupango anaunyunyizia maji kwanza. Motokari ya kufagia nayo ina tangi la maji na mabomba ya kunyunyiza mbele ya brosi. Tangi likiisha, dereva asimame akalijaze. Anayefagia kwa mkono kwenye kona alowanishe kwanza. Maske nzuri inasaidia, lakini haichukui nafasi ya maji. Na kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe zile ndogo. Jioni, nguo za kazi zisikung'utwe ndani ya nyumba mbele ya watoto. Zitiwe ndani ya maji.

KAZI INAFUATA MPANGO

Ekipe inayojua kazi haianzi kwa kufagia tu. Inafuata mpango huu:

1. Kungoja wakati wake. Vilima vya theluji viwe vimekwisha kuyeyuka. Mpaka wakati huo, maji yanayotoka katika vilima hivyo mchana yanaganda usiku, na asubuhi kiwanja kina barafu nyembamba isiyoonekana. Wengi wanavunjika mkono au nyonga kwa barafu ya namna hiyo, hasa wazee.

2. Kufunga sehemu ya kazi. Kiwanja kinagawanywa, sehemu moja inafungwa kwa koni na kamba, nyingine inabaki wazi kwa wateja. Kila mfanyakazi anavaa kizibao chenye kung'aa. Hatari kubwa ya kiwanja ni motokari inayorudi nyuma. Dereva wa mashini ya kufagia haoni yote yaliyo nyuma yake, na mama anayesukuma mtoto ndani ya kigari haonekani nyuma ya lori. Lori lisirudi nyuma bila mtu wa kuliongoza kwa mkono.

3. Kuokota takataka. Theluji ilificha chupa zilizovunjika, misumari, hata sindano. Ziokotwe kwa koleo au kwa kibanio, si kwa vidole.

4. Kulowanisha na kufagia. Kwanza kona na njia za miguu, kisha katikati kwa mashini.

5. Kusafisha visima vya mifereji. Chini ya kila tundu la mfereji pana kisima kidogo chenye sakafu iliyo chini kuliko bomba la kutokea. Kimetengenezwa hivyo ili mchanga utue pale usiingie bombani. Kikijaa, mchanga unaziba bomba na maji yanasimama juu ya kiwanja. Kinanyonywa kwa motokari yenye pampu. Mtu asishuke ndani. Hewa ya shimo inaweza kukosa oksijeni au kuwa na gesi ya sumu, na kila mchimba anajua kwamba anayeshuka kumwokoa mwenzake bila vyombo anakufa pamoja naye.

6. Kuosha. Maji safi yanaondoa chumvi iliyobaki. Jaribu kukata makayabu kwa kisu na kukilaza bila kukiosha: asubuhi kina kutu. Milango ya chuma, nguzo za taa na vyuma vya ngazi vinaharibika vivyo hivyo.

7. Kupeleka mchanga pahali pake. Mchanga uliofagiwa una chumvi, mafuta na vipande vya chuma. Hautupwi mtoni. Mwaka 2001 serikali ya Canada ilitangaza kwamba chumvi ya njia inadhuru mito, mimea na wanyama.

8. Kutembea kwa miguu. Sasa kiwanja ni safi na kinaweza kutazamwa. Msimamizi anapita polepole na kopo la rangi, anaweka alama kwenye kila ufa, kila shimo, kila jiwe la pembeni lililogongwa na trakta, kila taa iliyokufa. Mistari iliyofutika inaandikwa upya, kwanza ile ya kuvukia watu wa miguu.

KUZIBA UFA NA KUZIBA SHIMO

Methali inasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika kazi hii si methali tu, ni hesabu ya kweli. Ufa unaoweza kupokea ncha ya penseli unazibwa kwa mtu mmoja na sufuria ya lami laini. Ukiachwa, baridi ya mwaka unaofuata itaufanya shimo, na shimo linahitaji lori, mashini na ekipe nzima.

Wakati wa baridi kali viwanda vingi vya lami ya moto vinafungwa. Mashimo yanajazwa kwa lami baridi, na hiyo ni kama bendeji tu. Viwanda vikifunguliwa, kazi ya kweli inafanywa. Shimo linakatwa pembe nne mpaka kwenye lami ngumu. Maji na vipande vilivyolegea vinaondolewa. Kando zinapakwa lami nyembamba ili kipya kishikane na cha zamani. Kisha lami ya moto inamwagwa na kushindiliwa, tabaka kwa tabaka. Anayemwaga lami ndani ya shimo lenye maji atarudi kulijaza tena.

Angalieni moto. Lami ya kujazia inafika na joto la karibu digrii 150, na ile ya kuziba nyufa ina joto zaidi. Ikigusa maji inaruka. Inafaa mikono mirefu, glavu, miwani na buti. Ikishika ngozi, usiivute, maana itatoka pamoja na ngozi. Mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20 hivi, kisha mpeleke mgonjwa lopitalo, lami ikiwa bado imeshika.

KIWANJA KILICHO JUU YA VICHWA VYA WATU

Kuna viwanja visivyokaa juu ya ardhi. Vimejengwa ghorofani, au juu ya paa la magazini. Hapo maji ya chumvi hayaingii katika udongo. Yanaingia katika betoni na kufikia vyuma vinavyoibeba. Chuma kikila kutu kinavimba na kupasua betoni, na kila mwaka kinakuwa chembamba zaidi.

Huko Elliot Lake, magazini kubwa ya Algo Centre ilifunguliwa mwaka 1980, wakati urani ilikuwa bado inachimbwa. Kiwanja cha motokari kiliwekwa juu ya paa. Tangu mwanzo maji yalivuja. Kwa miaka zaidi ya 30 motokari zilipanda na theluji na chumvi ya njiani, na maji ya chumvi yalishuka juu ya mihimili. Wenye maduka waliweka ndoo kupokea matone. Watu walizoea ndoo. Tarehe 23 mwezi wa 6 mwaka 2012, mahali ambapo mhimili uliungwa na nguzo, chuma kilichokwisha kuliwa na kutu kilikatika. Sehemu ya paa ilianguka ndani. Wanawake wawili walikufa chini ya kifusi, na wengine wakaumia. Miili ilitolewa baada ya siku 4.

Tume ya uchunguzi ilitoa ripoti yake mwaka 2014. Ilisema kwamba chanzo hasa ni makosa ya watu zaidi kuliko chuma. Wengi waliona maji, wengine walikagua, wengine walipokea malalamiko, na miaka ikapita bila ufa kuzibwa vizuri. Mji uliopigana na vumbi mwaka 1974 na kulipatia jimbo zima sheria, ulipoteza watu wake kwa tone la maji lililozoeleka.

Kwa hiyo kiwanja cha juu kinatunzwa kwa macho mawili. Jicho la kwanza linatazama juu: je, chumvi imeoshwa, mifereji iko wazi, ngozi ya kuzuia maji haijapasuka? Jicho la pili linatazama kutoka chini: je, kuna alama za kutu, michirizi myeupe, betoni inayobanduka, matone? Ukiona tone, usitafute ndoo peke yake. Mwandikie shefu, weka tarehe, na uulize tena mpaka mhandisi afike.

NA KWETU KATANGA?

Kwetu hakuna theluji wala chumvi ya njia. Lakini mwezi wa nne, wakati wale wa Ontario wanatoa ufagio, huku mvua zinakwisha na vumbi la kiangazi linaanza. Maji yamekwisha kulainisha udongo chini ya njia, mifereji imejaa mchanga, na mashimo yanangoja lori la kwanza. Mpango wao unaweza kutusaidia kwenye uwanja wa karakana, wa soko na wa lopitalo. Yashikeni haya:

— Lowanisha mbele ya kufagia. Vumbi kavu ni sumu, hata nje ya mgodi.

— Fungua mfereji kwanza, ziba shimo baadaye. Maji yaliyosimama yatalirudisha shimo.

— Usishuke katika kisima cha mfereji peke yako, wala kumfuata aliyeanguka bila vyombo vya hewa.

— Motokari isirudi nyuma bila mtu wa kuiongoza. Watoto wasicheze kiwanjani.

— Ziba ufa ungali mdogo.

— Tone la maji chini ya paa ni habari ya kupeleka kwa shefu leo, si ya kuwekea ndoo.